Ukuta wa Mama Kathure

Iko siku moja ya soko pale Muthara, mwanangu, ambayo nikiikumbuka damu hunichemka, na leo umeichemsha upya. Keti kwanza. Usinitazame hivyo, bado sijaanza.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami kijana niliyeshika mwiko juzijuzi. Mafundi wa mawe wa Maua, Laare na Muthara tulikuwa tumeunda chama. Watu wetu walijenga kwa mbao, mchwa wakala, wakajenga tena kwa mbao, kwa hiyo chama kikaamua kwenda sokoni kuwafundisha faida ya nyumba ya mawe. Wazo zuri kabisa. Tulisimamisha kipande cha ukuta karibu na wauza ndizi, kimenyooka sawasawa, na mwenyekiti wetu akapanda juu ya kreti ya soda kuhubiri. Kuhubiri alijua.

Mama Kathure, mjane aliyekuwa ameuza ng'ombe wake wa pekee apate mawe, akauliza kwa adabu, "Mwenyekiti, saruji na mchanga mnachanganya namna gani? Na ukuta ukishasimama unafanyiwa nini? Mimi nitajenga na shemeji yangu, fundi sitaweza kumlipa."

Mwenyekiti akacheka. "Mama, wewe leta mawe. Hiyo ingine ni siri ya fundi. Tukikuambia yote, sisi tutakula nini?"

Wenzangu wakacheka naye. Nikasema mama ajibiwe, nikaambiwa nifunge mdomo, chama si cha watoto. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Huyu aliuliza, tena mbele ya soko zima, akafukuzwa kwa kicheko.

Akajenga hivyo hivyo, wakati wa kiangazi. Mawe waliyapanga makavu kama yalivyotoka machimboni, yakafyonza maji yote ya saruji. Ukuta ukaachwa juani bila hata kopo la maji, maana hakuna aliyewaambia kwamba saruji hunyweshwa kwa siku kadhaa ndipo ishike. Mvua ya kwanza yenye upepo ilipokuja, ukuta wa upande wa juu ukalala chini. Ilikuwa Jumapili, yeye na wanawe wako kanisani. Namshukuru Mungu kwa mahubiri marefu ya mchungaji yule.

Ng'ombe hana, nyumba hana. Muthara nzima ikasema mawe yanaua, afadhali mbao, hizo zikikuangukia utaamka. Chama kikakosa kazi huko. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi sikuwapa.

Tulipokutana, mwenyekiti akaanza kulaumu ujinga wa wanawake. Ndipo akasimama Mzee M'Itonga, aliyetufundisha kazi wengi wetu na ambaye kwa kawaida hakusema neno kikaoni.

"Nyamaza," akamwambia. "Ulimwambia aache mbao, akakuamini. Halafu ukamwacha nje. Kuliko kufundisha nusu, heri ungekaa kwako. Ule ukuta ni wetu. Tutaujenga sisi, na maji ya kuunyweshea utachota wewe."

Mwenyekiti akachukua kofia yake akaondoka, na wengine nyuma yake. Mpaka leo sijamsamehe, na usianze kunihubiria. Sisi tuliobaki tulikwenda tukaujenga upya, na yeyote aliyepita njia aliruhusiwa kushika mwiko na kuuliza. Maji alichota M'Itonga mwenyewe, na umri wake ule. Tuliporudi sokoni hatukupanda juu ya kreti. Mama Kathure ndiye aliyewaonyesha wenzake jinsi ya kuloweka mawe. Na kazi ikaja, mwanangu, kwa sababu mtu anayejua ukuta mzuri humtafuta fundi mzuri.

Sasa wewe. Nimesikia kwamba asubuhi, pale unapojenga Laare, mwenye nyumba alikuuliza kwa nini unaloweka mawe, ukamwambia, "Mzee, hiyo wachia fundi." Mwiko unaoushika nilikupa mimi, na nilipokupa sikukuficha kitu.

Sikiliza. Anayekuuliza kazi yako mjibu yote, awe atakulipa au hatakulipa. Usimtie mtu hamu ya nyumba kisha ukamnyima namna ya kuisimamisha. Fundi anayeogopa maswali ana ukuta mbovu mahali. Kesho, kabla hujachanganya saruji, mtafute yule mzee umwombe radhi, kisha umweleze mpaka aridhike. Akitaka kushika mwiko, mpe.

Haya, hasira yangu imekwisha, au karibu. Mungu aibariki mikono yako. Watoto walale usingizi ndani ya kuta zako, na mama zao wasiamke kusikiliza upepo.