Kompyuta Yenye Homa

Siku ya arobaini ya bibi, kompyuta yetu pale Newala iliamua kuzimika yenyewe. Ukiiwasha tena, inakuletea maandishi meupe ya Kiingereza kwenye kioo cheusi. Kiingereza changu cha kuungaunga, lakini fundi nilikuwa mimi. Ndotoni nilishafungua duka Masasi, lina hadi kiyoyozi.

"Imeandika nini?" mama akauliza.

"Inasema ina joto kupita kiasi."

Mtani wa bibi, mzee aliyekuja mapema kutuchokoza kama desturi, akadakia, "Homa hiyo! Ipelekeni hospitali ya Ndanda ikalazwe."

Mama hakucheka. Sauti ya bibi ilikuwa humo, na humo tu. Nilimrekodi kwa simu, nikahamishia kwenye kompyuta, simu ikaja ikafa. Mama alitaka kumsikia kabla watu hawajajaa uani.

Nikazima, nikawasha. Nikafuta magemu yangu yote, roho ikiniuma. Ikazimika vilevile.

"Fundi, mgonjwa anakufia," mzee akasema.

Nikashika boksi la kompyuta kwa nyuma. Moto kama sufuria ya ugali! Msimu ule watu walikuwa wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, vumbi la njano linaingia hadi kwenye chumvi, na mama aliivika kompyuta kama anavyovika redio na makochi: kitambaa cha kufuma, juu yake nailoni, vikashuka hadi nyuma kwenye feni.

"Mama, inapumulia huku."

"Na vumbi je?"

"Tutakuwa tunalifuta. Ukiifunika, iwe imezimwa."

Akavua nailoni taratibu, kama anamvua mtoto sweta. Nikachomoa waya, nikafungua ubavu, nikasugua feni kwa brashi ya rangi. Salfa ikatimka, mzee akapiga chafya.

"Mikorosho inalia dawa, kumbe mmeificha humu! Wachoyo nyie!"

Tukaiacha ipoe. Nilipoiwasha, maandishi yale hayakuja. Nikabonyeza faili, na bibi akaanza kuimba huku anapepeta mahindi, ungo unasikika kabisa. Katikati akakatiza, akamwita mama kwa ukali wake uleule, "Wee mwanangu!"

"Abee, mama," mama akaitika, akasimama.

Nilimtazama mzee, nikijua atapata la kusema. Alikuwa anafuta macho kwa kofia yake.

"Rudisha nyuma," akaniambia. "Kuna mahali alinitukana hapo, sijapasikia vizuri."