Ukuta wa Babu kabla ya Jiko

Mwalimu wetu wa sanaa, huku Arua, alituonyesha picha ya zamani iliyochapwa kutoka kwenye ubao wa kuchonga. Matao yaliyovunjika, miti imeota juu ya kuta, na chini kabisa mchungaji mdogo kama siafu, ameketi na mbuzi wake. Akasema likizo hii kila mtu atafute magofu yake, ayachore, tukirudi tutachonga na kuchapa. Wenzangu wakacheka: magofu ya wapi? Ila mimi nilijua. Nyumba ya babu kule kijijini Midia, Koboko, iliyoachwa wakati wa vita, watu walipokimbilia Kongo. Ukuta mmoja bado umesimama, na mtini umetokeza dirishani.

Nilipofika nikamkuta baba mdogo na mtarimbo, anaubomoa. Mkewe, mama mdogo, alihitaji jiko kabla ya mvua. Msimu uliopita alipika chini ya turubai.

Ningesemaje? Lakini ukuta mwingine sikuwa nao. Nikazunguka, nikazunguka, hadi akaniuliza, "Wewe, umepoteza kuku?"

Nikampa nakala yangu ya ile picha, nikaomba aniachie ukuta.

Aliitazama muda mrefu. "Hii mutu ya mbuzi," akasema, "mawe mazuri iko hapa tele, yeye anakaa tu? Hana bibi ya kumuomba jiko?"

"Ni picha tu, baba."

"Na hii nyumba ya picha, ile ingine yote ilienda wapi?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilidhani magofu huanguka yenyewe, polepole, kwa huzuni. Nikatafuta pichani, chini ya matao, mawe yaliyoanguka. Hakuna, nyasi tupu! Basi kuna watu walioyabeba. Labda ni ndugu zake huyo mchungaji, na mahali fulani, nje ya picha, kuna jiko.

"Dirisha nitavunja mwisho," akasema baba mdogo. "Chora haraka. Mvua haingoji wewe."

Nilichora mchana kutwa. Yeye aking'oa tofali, mimi nafuta kwenye karatasi. Mwishowe nikaacha kufuta. Mchungaji, niliyekuwa nimemweka kama kwenye ile picha, nikamtoa, na mahali pake nikamweka mtu aliyeinama na mtarimbo, matofali yamepangwa miguuni, na mama mdogo nyuma yake akipiga kelele kwamba hayatoshi.

Hizo kelele ndizo sijui nitazichongaje.