Neno la siri nililianika mimi, aliyevunjwa vidole ni mwingine

Admin, nifichie jina mpaka nizikwe. Nina miaka sabini na tisa, nilikuwa mwalimu wa fizikia hapa Arusha, na figo zangu zimeshindwa. Daktari ameniambia bila kuzunguka kwamba sina miezi mingi. Wengi mnaosoma hapa ni sawa na wajukuu zangu, lakini sina mwingine wa kumwuliza, maana wanaonijua ndio ninaowaogopa.

Miaka ile biashara zilipofunguliwa na intaneti kafe zikaota kila mtaa, nilistaafu nikafungua yangu Kijenge pamoja na Eliakimu, Mmeru niliyemfundisha sekondari. Mimi nilikuwa na mtaji, yeye akili. Alianzisha chumba cha kuchati cha watu wa Arusha, akaweka ndani yake roboti, yaani programu inayoandika yenyewe, akaiita Mlinzi. Ilikaribisha wageni, ilifukuza wenye matusi, ilitangaza habari tulizoipa: msiba, ng'ombe aliyepotea, gari lililoibwa. Watu waliiamini kwa sababu jina lake lilisajiliwa kwenye mtandao wa kuchati, na hakuna aliyeweza kulitumia bila neno la siri.

Tatizo lilikuwa umeme. Kila ulipokatika na kurudi, ilibidi roboti ijitambulishe upya. Unafungua dirisha la huduma ya majina, yaani sehemu ya mtandao inayohakiki mwenye jina, unaandika neno la siri humo, hakuna mwingine anayeliona. Eliakimu hakutaka kulihifadhi kwenye kompyuta inayoshikwa na wateja. "Mwalimu," aliniambia, "ukikosea dirisha, chumba kizima kinalisoma. Ikitokea, niambie tu, nalibadilisha dakika moja."

Ikatokea. Jumapili moja yeye akiwa kanisani, umeme ulirudi nikaliandika kwenye dirisha la chumba. Watu kumi na wawili walikuwemo. Mmoja akaandika, "Asante, mzee." Sikumwambia Eliakimu. Kidato cha pili nilimchapa bakora sita kwa uzembe, mbele ya darasa. Ningeanzaje kumwambia kwamba safari hii mzembe ni mimi?

Siku ya nne, mchana, umeme ulikatika kwetu, Mlinzi ikatoka chumbani. Mtu nisiyemjua hadi leo akaingia kwa jina la Mlinzi, akajitambulisha kwa neno lile, akatangaza kwamba majambazi waliomuua dereva wa teksi wiki hiyo wamejificha kwenye gereji ya Sakina yenye geti la bluu. Vijana walitoka kafe mbalimbali za mjini wakaelekea huko.

Gereji ilikuwa ya fundi Saning'o. Alikuwa chini ya gari. Walimvuta kwa miguu. Akapiga kelele, "Mimi fundi! Ulizeni Sakina nzima!" Wakamcheka: "Fundi wa kuchinja madereva!" Walimpiga kwa spana zake mwenyewe, kisha kwa mawe, mpaka mkewe akamtambua kwa viatu tu.

Kesho yake kaka zake watatu waliingia kwetu na rungu na sime.

"Mlinzi ndiye nani hapa?"

"Ni kompyuta, wakubwa zangu," Eliakimu akajibu.

"Kompyuta ina mdomo? Nani ana neno lake la siri?"

Nikadakia mimi, nikimnyooshea Eliakimu kidole. "Aliyeisajili ni huyu."

Rungu la kwanza lilimpata mdomoni, meno yakamwagika kwenye kibodi. Wakamlaza mkono wa kulia mezani, wakamvunja vidole kimoja kimoja. "Haya, andika sasa. Tangaza!" Jicho la kushoto lilipasuka. Mkubwa wao akanigeukia. "Na wewe, mzee, kama humo kwenye hili, mpige tuone." Nikang'oa mguu wa stuli nikampiga Eliakimu kichwani. Aliniangalia kwa jicho lililobaki. "Mwalimu, waambie si mimi." Nikampiga tena. La kwanza nililazimishwa. La pili hakuna aliyeniambia. Nilitaka anyamaze.

Hakufa. Sasa ananiuguza. Kila Jumamosi anakuja na chupa ya uji, anaishika kwa mkono wa kushoto. "Shikamoo, Mwalimu." Kuhusu kipigo alishaniambia, "Walikulazimisha, nilishasamehe." Jumamosi iliyopita aliniambia maneno yaliyonifanya niandike hapa: "Mwalimu, huwa najiuliza nililiacha wapi lile neno. Wewe ungekosea ungeniambia; lazima mimi nilizembea mahali. Damu ya yule fundi iko juu yangu." Kumbe kwa sababu hiyo alikataa kuchaguliwa mzee wa kanisa. Kumbe kwa sababu hiyo, miaka yote hii, humpelekea mjane wa fundi mahindi kila mavuno, na mjane huyamwaga barabarani.

Usiku ule nilimweleza mke wangu kila kitu. Hakulia. "Baba Neema, kaka wawili wa yule fundi wako hai, na watoto wako wanaishi Elerai, mtaa mmoja nao. Unataka wachinjwe ili wewe ufe vizuri?"

Eliakimu hawezi kunyamaza, namjua. Nikimwambia, atakwenda moja kwa moja kwa yule mjane, na mashemeji zake watasikia.

Keshokutwa ni Jumamosi. Nishaurini, wanangu, lakini msinifariji, sikuja kwa hilo. Nimtue Eliakimu damu isiyo yake nikijua inaweza kuwaangukia watoto wangu, au nipokee uji wake, nimwambie asante, ninyamaze?