Masale ya Chumba Namba Kumi na Saba

Enzi zetu, ninyi mliokulia kambi za miwa chini ya Moshi mtanishuhudia, Desemba ilikuja na masizi ya miwa iliyochomwa, yakitua juu ya nguo tulizoanika kwa ajili ya Krismasi. Tulizungukwa na sukari pande zote, lakini miaka ile ya uhaba na foleni za maduka chai yetu tuliinywa chungu, tukiramba midomo kama wenye kiu.

Kisha kambi ilinyamaza. Wachaga walikuwa wamepanda. Kila mwenye kihamba mlimani, shamba la migomba la ukoo wake, alifunga chumba akaenda kula sikukuu kwa wazee. Sisi Waha tulibaki. Babu na Bibi walionilea walitoka Kasulu, mbali huko Kigoma, wakiwa vijana, wakaja kukata mkonge, baadaye miwa, kwa kazi ambayo Babu aliamini ingeisha upesi. Sanduku lake la mbao lilikaa karibu na mlango, limefungwa, ndani mna shuka mbili mpya.

"Mwakani tunarudi kwetu," alisema kila Krismasi.

Bibi alijibu huku rozari ikipita vidoleni, "Mwakani ni ya Mungu, mzee. Kula wali, unapoa."

Anjela, rafiki yangu wa darasa la nne, ambaye baba yake alikuwa fundi kiwandani, aliniuliza siku moja, "Na ninyi mnapanda wapi?" Nikaiangalia barabara ya kambi. "Kumbe ninyi watu wa barabarani!" akacheka. Hakuwa na ubaya, maskini. Lakini neno lile nililala nalo.

Jumamosi moja alinichukua kwao Uru, juu mlimani. Nakumbuka baridi, moshi wa kuni, ndizi za nyama, na maji ya mfereji yakinong'ona katikati ya kahawa. Mama yake alinionyesha masale, mimea ya majani marefu iliyozunguka kihamba chao. "Huu ndio mpaka wetu, mwanangu. Aliye ndani ya masale haulizwi ametoka wapi."

Niliposhuka, nilikuwa nimeficha vipande vitatu vya masale ndani ya sweta.

Nilivipanda mbele ya chumba chetu, namba kumi na saba, nikavimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Viwili vilikaushwa na joto la tambarare. Kimoja kilishika, nami nikaanza kutembea kama mwenye ukoo. Ndipo nyapara alipopita.

"We binti, umefungua kihamba hapa? Hii ardhi ya kampuni! Jumamosi nisikikute."

Majirani walicheka. Babu hakucheka. Alipiga magoti, akakichimbua pamoja na udongo wake, akakiweka kwenye kopo tupu la mafuta ya kupikia. "Usilie," aliniambia. "Kitakaa humu mpaka tupate pa kukipanda." Akakiweka juu ya sanduku. Kilikaa pale miaka miwili, kikingoja safari pamoja na zile shuka.

Masika nilipokuwa darasa la sita, Bibi alifariki. Jirani alimuuliza Babu kwa heshima, "Mzee, mama tunampandisha wapi?"

"Hapandi," alisema Babu.

Tulimzika katika makaburi ya kambi, nyuma ya miwa, katekista akisali. Watu walipotawanyika, Babu alikwenda kuleta lile kopo, akalipanda sale kichwani pa kaburi. Akashindilia udongo kwa viganja. "Hapa nyapara hafiki," alisema. Tuliporudi chumbani alifungua sanduku, akatandika zile shuka mpya kitandani. Neno "mwakani" sikulisikia tena kinywani mwake.

Namshukuru Mungu, leo nina nyumba yangu Njoro, hapa hapa Moshi mjini. Wajukuu wangu huupiga mlima picha kupitia dirisha la gari, wakaandika "nyumbani", kisha wanauliza kama nyumbani kuna mtandao. Wanalitumia neno hilo bure kabisa, na mimi nafurahi kwamba halikuwagharimu kitu.

Lakini kila Krismasi, baada ya misa, vijana wa jirani wanaopakia magari hunisalimu: "Shikamoo Bibi. Mwaka huu nawe hupandi?" Nawatakia safari njema. Mtaa ukishabaki mtupu, nachukua panga langu nashuka peke yangu kule kwenye miwa. Sale lile sasa ni kichaka kilichozunguka makaburi mawili. Napunguza majani, naingia ndani ya mpaka, nakaa katikati ya Babu na Bibi nikisali rozari. Na hakuna anayeniuliza nimetoka wapi.