Kidole cha Tatu

Tangu msumeno wa umeme uondoke na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia, fundi seremala alifunga karakana, na mdomo akaufunga vilevile. Mkewe, fundi cherehani, hakuolewa na bubu. Aliolewa na mtu wa kubishana na redio, wa kumtania jirani kupitia dirishani, wa kusimulia hadi chai ipoe jinsi mguu wa meza ulivyomtoa jasho. Sasa akimwuliza ameamkaje, anajibiwa "salama," basi. Kidonda kilishapona. Kilichomtia hofu mama huyu ni kwamba mumewe alikuwa anampotea huku amekaa palepale kitini, na hakujua amshike wapi.

Binti yao alipokuja kuwajulia hali aliwaachia kompyuta yake ya zamani. Ndani aliweka kamusi, pamoja na tasnifu aliyoiandika chuoni juu ya misitu na mbao. Akawaonyesha: ukikwama kwenye neno, unapeleka mshale juu yake, unagusa kile kibao kilicho chini ya vitufe kwa vidole vitatu kwa mpigo, na maana inachomoza hapohapo. Kisha akakimbilia basi.

Mzee akaanza kusoma, akakwama mstari wa pili. Akagusa kibao kwa gumba na kidole cha shahada, ndivyo pekee alivyobakiwa navyo upande ule. Yakaja mambo asiyoyaomba: nakili, bandika, kata.

"Kata!" akafoka. "Hata hii nayo inanicheka!"

Kwa mtu wa "salama," hiyo ilikuwa hotuba. Mkewe akaacha gauni la mteja kwenye cherehani, akavuta kigoda, akaweka kidole chake kando ya viwili vya mumewe.

"Haya, kwa pamoja. Usinitangulie."

Wakagusa. Kisanduku kikafunguka: *bayoanuwai*, wingi wa aina mbalimbali za viumbe hai mahali pamoja.

"Si aseme tu msitu umejaa kila kitu!" mzee akasema. "Neno refu hivi, ukilimaliza umeshasahau ulianzia wapi."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa amemkosa sana mtu huyu.

Ikawa ndiyo desturi yao ya alasiri. "Mama watoto, kidole!" mzee huita, naye huja, pini zingali mdomoni. Wateja walinung'unika, acha wanung'unike. Kila neno lilimkumbusha mzee gogo fulani, na kila gogo lilikuwa na kisa chake, na visa vyenyewe havikuwa vifupi.

Alasiri moja alipoitwa, mama alisimama ghafla katikati ya chumba. Mkono wa kushoto wa mumewe ulikuwa umeshika kikombe, vidole vyote vitano vimekizunguka, vizima kabisa. Wiki zote hizo mkono ule ungeweza kugusa peke yake. Akafungua kinywa aseme. Mzee akainua macho, akayashusha upesi, kama mtu aliyefumaniwa. Mama akafunga kinywa, akaketi kigodani pake, akanyoosha kidole.

Binti aliporudi kuwatembelea aliwakuta wamebanana mbele ya kompyuta, wanagombana juu ya neno *mawanda*. Akacheka. Halafu akawaangalia vizuri zaidi.

"Lakini Baba, mnahangaika bure. Si una mkono wa kushoto mzima?"

Mzee aliutazama mkono ule kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa anao. Kisha akaupeleka mezani, akakamata kikombe ambacho chai yake ilikwisha zamani.

"Huu una shughuli," akasema.

Mama alikuwa ameshaweka kidole chake kwenye kibao.

"Haya, Baba watoto," akasema. "Usinitangulie."