Ganzi Iliyomkuta Teuira Mkekani

Teuira wa Parea, huku kusini mwa kisiwa chetu cha Huahine, alikuwa fundi wa kukata tifaifai, matandiko ya maua tunayowavika maharusi mabegani. Kushona anaweza yeyote mwenye vidole. Kukata ni kazi nyingine. Teuira alikunja kitambaa, akatia mkasi bila kuchora hata mstari, akakunjua: majani ya mshelisheli, yote sawasawa. Mbishi na aje aniambie mimi nimesema uongo.

Mwaka ule wa Zika, homa hiyo ya mbu ilipita nyumba kwa nyumba. Vipele, macho mekundu, siku tatu, imekwisha.

"Homa ya kitoto," Teuira alisema ilipompitia naye. "Mafua yangenilaza zaidi."

Alikuwa na haraka. Mjukuu wake Vaimiti, aliyemlea tangu kuzaliwa, angeolewa baada ya Pasaka, na Teuira alikuwa ameapa kwamba sindano ya mtu mwingine haitaigusa tifaifai ile. Akina mama wa kanisani walikuja kumsaidia, akawarudisha. Meretini, jirani yake, ndiye aliyesemwa zaidi.

"Mishono yako, Meretini, kuku atapita katikati na vifaranga wake."

"Na kiburi chako, dada, mlango huu hakipiti."

Juma la pili baada ya homa, nyayo zikaanza kumchonyota. Sisi tunaoshona tumekaa chini tunaijua ganzi. Unanyoosha miguu, unasugua mafuta ya nazi, unaendelea. Akasugua, akaendelea. Kesho yake ganzi ikapanda magotini.

"Bibi, twende zahanati," Vaimiti alisema.

"Nikamwambie nini muuguzi? Kwamba nimekalia miguu yangu?"

Siku ya tatu mkasi ukamponyoka, na kusimama akashindwa. Wakampakia kwenye ndege kwenda hospitali kuu ya Papeete.

Huko aliwakuta wenzake wa ganzi, vitanda kwa vitanda, watu wazima wakilishwa kama watoto. Daktari, kijana wa Kifaransa, alivuta kiti.

"Mama, kinga ya mwili wako ilikuwa inapigana na kirusi. Sasa inapiga mishipa yako ya fahamu. Tunadhani imevifananisha."

"Mnadhani?"

"Tunadhani. Zamani wagonjwa wa namna hii walikuwa wa kuhesabu. Sasa unawaona, na karibu wote walitanguliwa na homa ile. Uhakika bado tunautafuta."

"Kwa hiyo askari wangu mwenyewe kanivunjia nyumba, na mwizi keshaondoka siku nyingi."

"Ndivyo, mama."

"Na ningekuja siku ile ya kwanza?"

Daktari aliitazama chupa ya dawa iliyoning'inia. "Tungeanza mapema."

Teuira aligeukia ukutani. Siku ile hakula.

Alirudi Parea anatembea kwa kushikilia mkongojo. Mikono ilirudi nusu: kijiko kilishikika, sindano ilimtoroka, na ncha za vidole zilibaki na ganzi. Tifaifai ilikuwa imeshonwa nusu vilevile, na zimebaki wiki tatu kabla ya harusi.

"Mama Meretini amalizie," Vaimiti alisema.

"Bora uolewe mabega wazi."

"Bibi, nimekuogesha. Nimekulisha. Hilo nalo unaninyima?"

Baadaye Teuira aliisukuma tifaifai kwa mguu hadi mlangoni, na Meretini akaichukua.

Wiki ya harusi Meretini aliirudisha imekwisha. Aliitandaza mkekani, akaigeuza upande wa nyuma.

"Haya, kagua. Nitukane."

Kukagua ni kwa kidole, kwa upande wa nyuma, macho yamefumbwa. Mshono mbaya unakukwaruza. Teuira akafumba macho, akapapasa kutoka ukingo mpaka ukingo, akarudia. Hapakuwa na kilichomkwaruza. Mishono yake ya miaka arobaini ya ufundi na mishono ya Meretini, kidole hakikujua ipi ni ipi.

"Vipi?" Meretini aliuliza.

"Mpelekee mtoto," Teuira alisema.

Harusini hakwenda. Watu wakasema ni miguu.