Mayai Yamesingiziwa

Juzi, kwenye benchi la kliniki hapa Mazwi, nilikaa na mama kijana aliyekonda. Mwanawe mchanga ana pumu ya ngozi, anajikuna shingo mpaka damu. Mama mkwe, aliyekaa naye hapo benchini, alikuwa amemkataza mama huyo mayai, maharage, samaki na maziwa, ati vinamdhuru mtoto kupitia ziwa lake.

"Bado karanga," mkwe aliongeza.

Nesi alimvua mtoto apimwe uzito. Tumbo, lililokuwa ndani ya fulana ya pamba, lilikuwa safi. Vipele vilijaa shingoni na kwenye vifundo vya mikono, palipoguswa na sweta la sufu.

"Shikamoo bibi," nesi alimgeukia mkwe. "Sweta hili kafuma nani?"

"Marahaba. Nimelifuma mwenyewe. Baridi ya huku huijui?"

"Naijua. Avae kwanza pamba inayofunika shingo na mikono. Hebu lizungushe shingoni kwako."

Bibi alilizungusha kwa madaha. Muda si mrefu akaanza kujikuna.

"Uzee huu," alisema.

Benchi zima tuliangalia sakafu. Kukubali mzazi anyimwe chakula tuliweza. Sweta la mkwe hakuna kati yetu aliyethubutu kulitaja, hata mimi mwenye digrii.

Bibi alitoka nalo shingoni, akijikuna bila kulivua. Mjukuu, aliyebaki na fulana ya pamba, alikuwa amelala bila kujikuna.